Cádiz, Mji wa Fedha na Sheria

Msomaji, ukiifunua ramani ya Ulaya ukatazama pembe ya kusini magharibi, karibu na mahali bahari ya Atlantiki inapokutana na Bahari ya Kati, utaona kidole chembamba cha nchi kilichonyooshwa baharini. Juu ya ncha ya kidole hicho umekaa mji wa Cádiz, katika nchi ya Hispania. Maji yauzunguka pande zote ila upande mmoja tu, na upande huo nao ni shingo nyembamba ya mchanga inayouunganisha na bara. Katika zama za kale palikuwa na visiwa mahali hapo, na mkondo wa bahari ulipita kati yake. Mji huu hauna mashamba, hauna misitu, wala hauna mto wa maji matamu. Hauwezi hata kupanuka, kwa kuwa kila uendako wakutana na bahari. Walakini watu wameishi hapo kwa muda wa zaidi ya miaka 2,700, na mji wenyewe huhesabiwa miongoni mwa miji iliyo mikongwe kuliko yote katika Ulaya ya magharibi.

Yafaa tujiulize: mji usio na shamba huishi kwa nini? Jibu ni fupi. Huishi kwa bandari yake. Lakini jibu hilo lazaa swali la pili, lililo gumu kuliko la kwanza. Mali ya bandari ni mali ipitayo. Huja kwa tanga na huondoka kwa tanga. Basi katika mali yote iliyopita Cádiz tangu zamani hizo, ni kitu gani kilichosalia? Hilo ndilo swali la insha hii, nami nakuomba unifuate taratibu tangu mwanzo, kwani jibu lake haliko mahali ambapo mtu angelitafuta kwanza.

Waliojenga mji huu walikuwa Wafinisia, mabaharia na wafanyi biashara wa mji wa Tiro, katika nchi ambayo leo huitwa Lebanoni. Ardhi yao ilikuwa nyembamba, lakini ujasiri wao ulikuwa mpana. Waliivuka Bahari ya Kati yote kutoka mashariki hata magharibi, wakapita mlango mwembamba ambao leo huitwa Gibraltar, wakatokea katika bahari kuu ambayo watu wengi wa zama zile waliidhani kuwa ni mpaka wa dunia. Hapo wakakuta visiwa vidogo karibu na pwani. Visiwa vya namna hiyo ndivyo walivyovipenda, maana vyaweza kulindwa kwa watu wachache, na vyombo vyaweza kutia nanga upande usiopigwa na mawimbi. Wakajenga, wakapaita Gadir, maana yake boma, mahali palipozungushiwa ukuta. Jina hilo halijafa. Wayunani walilitamka Gadeira, Warumi wakasema Gades, Waarabu wakasema Qadis, na Wahispania wakasema Cádiz. Hata leo mwenyeji wa mji huo huitwa gaditano, na akitajwa hivyo huwa ametajwa kwa jina alilolitoa baharia wa Tiro.

Waandishi wa kale walidai kwamba Gadir ulijengwa miaka 80 baada ya kuanguka kwa mji wa Troya, yaani karibu na mwaka wa 1100 K.K. Wenyeji huipenda sana tarehe hiyo, kwani kila mtu hupenda kusikia kuwa nyumba ya babu zake ni kongwe kuliko za jirani. Lakini wachimbuaji wa mambo ya kale hawakuona chini ya ardhi kitu cha umri huo. Katikati ya mji, chini ya jumba moja la michezo ya kuigiza, walifukua njia, kuta za nyumba na tanuri za Wafinisia, na vitu hivyo vyaonyesha mwisho wa karne ya 9 na karne ya 8 K.K. Hapa pana fundisho la kwanza kwa mwanafunzi wa historia: sifa za mji huulizwa midomo ya watu, lakini umri wake huulizwa udongo.

Gadir ulitajirika kwa vitu viwili, madini na samaki. Nyuma ya pwani, katika nchi ya Tartessos, wenyeji walichimba fedha kwa wingi. Wafinisia waliwaletea mafuta, divai na mapambo, wakachukua fedha na kuipeleka mashariki. Samaki nao walikuja wenyewe. Kila mwaka makundi makubwa ya jodari hutoka Atlantiki kwenda kuzaa katika Bahari ya Kati, na njia yao hupita mbele ya pwani hiyo. Watu wa Gadir waliwavua, wakawakatakata, wakawatia chumvi, wakawapakia ndani ya mitungi na kuwasafirisha hata Uyunani. Uvuvi huo wa jodari kwa nyavu zilizotegwa baharini ungaliko mpaka leo katika miji ya jirani.

Ukitaka kuwaona uso kwa uso matajiri wa zama hizo, ingia katika jumba la makumbusho la Cádiz. Humo mna majeneza mawili ya marumaru, yamechongwa kwa sura ya binadamu. La kwanza, la mwanamume mwenye ndevu, lilifukuliwa mwaka wa 1887. La pili, la mwanamke, lilionekana mwaka wa 1980. Umbo la majeneza ni la desturi ya Misri na Finisia, lakini nyuso zao zina mkono wa ufundi wa Kiyunani. Hivyo hata katika kifo chao watu hao walikuwa watu wa bandari, waliochukua kwa kila taifa kile kilichowapendeza.

Maskini wa Gadir hawakuzikwa katika marumaru, lakini wameachiwa kumbukumbu moja iliyo karibu nasi kuliko unavyodhani. Mwandishi Strabo amesimulia habari za baharia mmoja aitwaye Eudoxus, aliyetumwa na watawala wa Misri kwenda Bara Hindi katika karne ya 2 K.K. Alipokuwa akirudi, upepo, huenda ule ule tuuitao kaskazi, ulimsukuma kusini hata pwani ya Afrika ya Mashariki, ng'ambo ya Uhabeshi. Aliwapa wenyeji ngano, divai na tini kavu, nao wakampa maji na watu wa kumwongoza, na maneno kadhaa ya lugha yao akayaandika. Katika pwani hiyo aliona kipande cha omo ya chombo kilichovunjika, kimechongwa mfano wa farasi. Akakichukua mpaka Misri na kuwaonyesha manahodha bandarini. Baadhi yao wakakitambua: ni cha mashua za Gades, wakasema, zile ndogo za maskini ambazo huitwa farasi kwa sababu ya sanamu iliyo mbele yake, na ambazo huenda kuvua katika pwani ya Moroko.

Eudoxus akaamini kwamba mashua hiyo ilikuwa imeizunguka Afrika yote. Akaenda Gades, akaunda vyombo, akatweka tanga aizunguke yeye pia. Safari ya kwanza haikufika, na baada ya kuondoka mara ya pili hatupati habari za kurudi kwake. Je, habari hizi ni kweli? Strabo aliyetupokeza aliyacheka, akasema ni mambo ya kubuni. Nami sikusimulii ili uamini kila neno. Nakusimulia uone kwamba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mtu aliyetaka kutaja mabaharia waliokwenda mbali kuliko wote alitaja wavuvi wa Gades, na mahali alipopataja kuwa ni mbali palikuwa pwani yetu.

Mwaka wa 206 K.K., Roma na Karthago zilipokuwa zikipigana, Gades ulijitoa mikononi mwa Warumi. Haukutekwa, ulipima upepo, ukageuza tanga. Watu wengine wataliita jambo hilo woga, wengine wataliita busara. Liite upendavyo, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mji haukubomolewa, na biashara yake haikukatika. Karibu na mji palikuwa na hekalu mashuhuri la mungu Melqart, ambaye Warumi walimwita Hercules. Hannibal wa Karthago alifika hapo kutimiza nadhiri zake kabla ya kwenda kupigana na Roma. Julius Caesar naye, alipokuwa bado ni mtumishi mdogo wa serikali, alisimama hapo mbele ya sanamu ya Alexander Mkuu akasikitika, kwa kuwa katika umri ule Alexander alikuwa amekwisha ushinda ulimwengu, naye hakuwa amefanya neno lo lote la kukumbukwa.

Miaka ilipopita Caesar alipata aliyoyataka, na mwaka wa 49 K.K. akawapa watu wa Gades uraia wa Roma. Mmoja wa marafiki zake wakubwa alitoka mji huo: Lucius Cornelius Balbus. Adui zake walimshitaki kwamba uraia wake si halali, na Cicero mwenyewe akamtetea katika mwaka wa 56 K.K., akashinda. Mwaka wa 40 K.K. Balbus akawa konsuli, cheo cha juu kuliko vyote katika serikali ya Roma. Mtu asiyezaliwa raia wa Roma hakuwa amekipata kabla yake. Strabo aliandika kuwa katika hesabu moja ya watu, Gades ulikuwa na matajiri 500 wa daraja la wapanda farasi, idadi ambayo ilipatikana kwa shida hata katika miji ya Italia. Columella, aliyeandika vitabu maarufu vya kilimo, alizaliwa katika mji huu usio na shamba. Tena yasimuliwa habari ya mtu mmoja wa Gades aliyesoma sifa za mwanahistoria Livy, akasafiri mpaka Roma kumtazama. Alipokwisha kumwona, akarudi kwao bila ya kutaka kuona kitu kingine. Msomaji, katika mji wa wachuuzi wa samaki na fedha palikuwa na mtu aliyekata safari yote hiyo kwa ajili ya kitabu.

Kisha jua la Roma likatua. Biashara ilipungua, na katika karne ya 4 baada ya Kristo mshairi Avienus alipouona mji huo aliuandika kuwa ni mdogo, mtupu, uliojaa magofu. Ukapita mikononi mwa Wavisigothi, na kuanzia mwaka wa 711 mikononi mwa Waislamu waliovuka kutoka Afrika. Katika miaka ya 1260 mfalme Alfonso X wa Castilla akautwaa. Katika karne hizo zote Cádiz haukuwa mji mkubwa. Ulikuwa kama chombo kilichopwelewa mchangani, kikingoja maji yajae.

Maji yalijaa mwaka wa 1492, Christopher Columbus alipofika visiwa vya Amerika. Safari yake ya pili ilianza Cádiz tarehe 25 Septemba 1493, akiwa na merikebu 17. Na ya nne ilianza hapo hapo, mwaka wa 1502. Tangu wakati huo ncha ile ya Hispania, ambayo zamani ilikuwa mwisho wa dunia, ikawa mlango wa dunia nyingine. Lakini mlango wenye mali huvuta wezi. Mwaka wa 1587 Francis Drake, Mwingereza, aliingia ghubani kwa ghafula akachoma merikebu nyingi. Mwaka wa 1596 Waingereza na Waholanzi walikuja kwa jeshi kubwa, wakauteka mji, wakaupora na kuutia moto. Wahispania wenyewe, ili adui asifaidi, walizichoma merikebu za biashara zilizokuwa tayari kwenda Amerika pamoja na shehena yake yote. Mji ukajengwa upya, na safari hii kuta na ngome ziliimarishwa kila upande.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 200, hata hivyo, ufunguo wa biashara ya Amerika haukuwa Cádiz bali Sevilla, mji ulio ndani ya nchi kando ya mto Guadalquivir. Merikebu zilikuwa hazina budi kuupanda mto huo. Lakini kadiri merikebu zilivyozidi kuwa kubwa, ndivyo fungu la mchanga lililoko mlangoni mwa mto lilivyozidi kuzisumbua. Mwaka wa 1717 mfalme aliamuru ofisi kuu ya biashara ya Amerika ihamishwe kutoka Sevilla kwenda Cádiz. Kwa hivyo mchanga wa mto mmoja ulitajirisha mji mwingine, na hapo ndipo Cádiz ulipofikia kilele chake.

Hebu fikiri jinsi mji ulivyokuwa katika karne hiyo ya 18. Fedha, dhahabu, kakao, tumbaku, sukari na rangi za kutia nguo zilishuka pwani. Vitambaa, divai, mafuta na zana za chuma zilipakiwa. Wafaransa, Waitalia, Waingereza, Waireland na Wajerumani walifungua maduka. Kwa kuwa ardhi ilikuwa haba, matajiri walijenga kwenda juu, nyumba za orofa tatu na nne katika njia nyembamba: ghala chini, ofisi juu yake, makao ya familia juu zaidi, na watumishi juu kabisa. Juu ya dari walisimamisha minara. Minara hiyo haikuwa pambo. Kila mfanyi biashara alimweka mtu hapo na darubini, atazame upeo wa bahari siku nzima, maana aliyeiona merikebu yake kwanza alijua bei ya kesho kabla ya wenzake. Minara zaidi ya 100 ingaliko, na mmoja wao, uitwao Tavira, uliteuliwa mwaka wa 1778 uwe mnara rasmi wa bandari.

Bahari iliyoleta mali ilileta na msiba. Tarehe 1 Novemba 1755, tetemeko lile lililouangamiza mji wa Lisbon liliinua wimbi kuu lililopiga Cádiz. Watu wakakimbilia lango la nchi kavu wapate kutoroka kupitia shingo ya mchanga. Liwali wa mji akaamuru lango lifungwe. Yamkini wengi walimlaani saa ile. Lakini bahari iliifunika shingo ile na kuwameza waliokuwa wamekwisha toka, na wale waliozuiliwa ndani ya kuta wakaokoka. Mwaka wa 1800 merikebu zilileta homa ya manjano, ikaua maelfu ya watu.

Walakini historia iliyo ya kweli haisimulii tu misiba iliyoupata mji. Husimulia pia misiba ambayo mji uliwapatia wengine. Katika vitu vilivyouzwa Cádiz, mwanadamu naye alikuwamo. Tangu karne ya 16 na ya 17, Waafrika walinunuliwa na kuuzwa katika mji huo, wakafanya kazi majumbani na bandarini. Mwaka wa 1765 wafanyi biashara wa Cádiz walipata ruhusa ya mfalme, wakaunda kampuni ya kupeleka mateka wa Kiafrika katika makoloni ya Amerika. Minara ile mizuri na makanisa yale yenye madhabahu ya dhahabu vilijengwa kwa mali ambayo sehemu yake ilitoka katika jasho na damu ya watu hao. Wasafiri wengi huisifu minara wakasahau hilo. Wewe usisahau.

Sasa twakaribia jibu la swali letu. Mwaka wa 1805, tarehe 21 Oktoba, merikebu za Ufaransa na Hispania zilizotoka Cádiz zilivunjwa na Waingereza karibu na rasi ya Trafalgar. Miaka mitatu baadaye Napoleon wa Ufaransa akaivamia Hispania, akamshika mfalme, akamweka ndugu yake katika kiti cha enzi. Majeshi yake yaliteka nchi karibu yote. Mnamo Februari 1810 yakafika mbele ya Cádiz, na hapo yakakwama. Shingo ile ya mchanga ikawa ngao. Upande wa bara mji ulizingirwa, lakini upande wa bahari merikebu za Waingereza, waliokuwa adui wa jana, zililinda njia ya chakula. Mazingira hayo yalidumu hata Agosti 1812.

Wafaransa waliweka mizinga ng'ambo ya ghuba. Ili makombora yaruke mbali, yalijazwa risasi mahali pa baruti nyingi, kwa hiyo mengi yalianguka bila ya kupasuka. Wenyeji, ambao ni watu wa mzaha, wakatunga nyimbo za kusema kwamba risasi hiyo yawafaa wanawake kwa kusokotea nywele.

Katika mji huo mdogo uliojaa wakimbizi walikusanyika wajumbe kutoka pande za Hispania na kutoka makoloni yake ya Amerika na Ufilipino. Walianza mkutano wao tarehe 24 Septemba 1810 katika mji wa jirani, na mwaka wa 1811 wakahamia ndani ya Cádiz, katika kanisa la San Felipe Neri. Waliondoa udhibiti wa serikali juu ya magazeti ya siasa, na magazeti yakachipuka kama majani baada ya mvua. Kisha, huku mizinga ikilia, waliandika katiba yenye vifungu 384, ikatangazwa tarehe 19 Machi 1812. Kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na wenye jina hilo huitwa Pepe kwa mapenzi, watu waliibandika jina la La Pepa.

Katiba hiyo ilisema nini? Ilisema kwamba taifa si mali ya mtu wala ya ukoo wo wote, na ya kuwa mamlaka makuu ni ya taifa lenyewe. Iligawanya kazi za kutunga sheria, kutawala na kuhukumu. Iliagiza shule zifunguliwe katika kila mji ili watoto wafundishwe kusoma, kuandika na kuhesabu. Tena ikaweka kwamba tangu mwaka wa 1830 wataopata haki za uraia upya wawe wanajua kusoma na kuandika. Watu walikuwa wakipigwa mizinga, nao wakafikiria shule za watoto wa miaka ishirini ijayo! Hilo si jambo dogo.

Lakini tuipime kwa mizani ya haki, tusiisifu kwa upofu. Katiba hiyo haikumpa mwanamke kura. Haikuruhusu dini yo yote isipokuwa Ukatoliki. Mwaka wa 1811 Guridi y Alcocer, mjumbe kutoka Mexico, aliliomba bunge lianze kuukomesha utumwa, na mjumbe Argüelles akaomba biashara ya watumwa ipigwe marufuku; wenye mashamba ya Cuba wakapinga, na maombi hayo yakazimwa. Tena kifungu cha 22 kiliwanyima uraia wale wote waliohesabiwa kuwa na asili ya Afrika, hata walio huru, ila wachache ambao wangethibitisha sifa za pekee. Waliosema kwa sauti kuu kwamba taifa si mali ya mtu, hawakuweza kusema kwamba mtu si mali ya mtu. Katika visiwa vya Cuba utumwa ulidumu mpaka mwaka wa 1886.

Mfalme Fernando VII aliporudi mwaka wa 1814 aliifuta katiba yote. Mwaka wa 1820 askari waliokusanywa karibu na Cádiz ili wakapigane Amerika waliasi wakiongozwa na Riego, na mfalme akalazimika kuiapia katiba ile ile. Mwaka wa 1823 jeshi la Ufaransa likamsaidia kuifuta tena, na Riego akanyongwa. Lakini maneno yaliyokwisha andikwa ni magumu kuyanyonga. Katiba ya Cádiz ilitwaliwa mwaka wa 1820 katika ufalme wa Naples, ikawaongoza Wareno, na athari yake ikaonekana katika katiba za nchi mpya za Amerika.

Na nchi hizo mpya ndizo zilizoumaliza utajiri wa Cádiz. Zilipopata uhuru wao, mfereji wa fedha ulikauka. Matajiri waliondoka, minara ikabaki bila ya walinzi. Mji uliendelea kuwa na sauti yake: mapinduzi ya mwaka wa 1868 yaliyomtoa Malkia Isabel II katika enzi yalianza kwa merikebu za vita zilizokuwa katika ghuba ya Cádiz. Lakini umaskini ulikuwa umeingia. Mwaka wa 1947 ghala ya mabomu ya baharini ililipuka usiku wa Agosti, ikaua watu wapatao 150. Viwanda vya kuunda meli vilileta kazi, kisha vikapunguza watu. Mwaka wa 1981 wakazi walizidi 150,000. Siku hizi ni kama 110,000, maana vijana huhamia wapatako nyumba na kazi.

Hata hivyo wenyeji hawajapoteza tabia yao. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Februari, vikundi vya waimbaji huvaa mavazi ya kuchekesha, wakaimba nyimbo mpya walizotunga wenyewe, wakiwasuta wakubwa wa serikali, matajiri na hata nafsi zao. Sherehe hiyo ya karnivali ilipigwa marufuku katika utawala wa Franco, ikarudi na jina lake mwaka wa 1977. Na mwaka wa 2015, daraja kubwa lilipofunguliwa juu ya ghuba ile ile ambayo Wafaransa walirusha makombora juu yake, liliitwa Daraja la Katiba ya 1812.

Basi, msomaji, nini kilichosalia? Fedha ya Tartessos haiko. Fedha ya Amerika haiko. Mji ulikuwa mlango wake tu, na mlango hauli kipitacho. Kampuni ya watumwa haiko, lakini aibu yake iko. Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari. Kilichosalia Cádiz ni kile kilichoandikwa katika miaka miwili na nusu ambayo mji ulikuwa umezingirwa, una hofu na mizinga mbele yake. Nacho kilisalia pamoja na kasoro zake, ili waliokuja nyuma waone mahali palipoachwa wazi, wapaandike wenyewe. Siku utakapouona mji wo wote wa bandari, usiulize tu ni shehena ngapi zilizopita hapo. Uliza watu wake waliandika nini, na katika kuandika huko walimsahau nani.